Maziwa ya Macho

Jumatatu, 2 Septemba
Nimerudi kazini. Kazi: mlango mmoja wa bati, bawaba sita. Kilichoumiza: hakuna.

Jumanne, 3 Septemba
Naandika hivi kwa sababu ya mwalimu wetu wa kituo, pale nilipojifunza kuchomelea chuma baada ya sisi kukimbia kwetu Nizi. Kila mwanafunzi alikuwa na daftari, na kila jioni aliandika mambo mawili: kazi aliyofanya, na kitu kilichomuumiza. Mwalimu alisema fundi akijua kilichomuumiza jana, kesho atakikwepa. Wenzangu walitupa madaftari siku ileile ya cheti. Mimi ni mtu wa kichwa kigumu, na daftari lilikuwa bado na kurasa.

Niliacha kuandika mwezi wa tano, nilipojifungua. Mtoto alizaliwa tarehe 3 Mei. Alikufa tarehe 14 Agosti, homa ya siku mbili. Jina lake sitaliandika. Mume wangu Jean-Claude alishuka kutoka Mongbwalu, akazika, akakaa siku nne, akarudi kwenye shimo lake la dhahabu. Simlaumu. Hapa Bunia nakaa na shangazi yake, Mama Hortense, ambaye hulala mapema na kuamka kabla ya majogoo.

Kazi: kumalizia mlango wa jana. Kilichoumiza: hakuna.

Alhamisi, 5 Septemba
Nimegundua kitu. Kabla sijajifungua, kwenye karakana niliitwa Rebecca. Nilipozaa nikarudi kazini kabla ya msiba, nikawa Mama fulani, kwa jina la mtoto, kama desturi. Liévin, fundi wetu wa kukata, alikuwa akipaza sauti kutwa nzima: Mama fulani, shika huku. Mama fulani, lete kile. Nilikuwa nakasirika, maana mtu mwenyewe ana mikono miwili.

Sasa wote wamerudi kwenye Rebecca. Hawakupanga, nadhani, imetokea tu. Leo patron Donatien, mwenye karakana, alianza kuita kwa mazoea ya zamani, akafika kwenye "Mama", akakohoa, kisha akasema, "Rebecca, baguette zimebaki ngapi?" Nikamwambia fimbo za kuchomelea zimebaki nusu pakiti.

Jumamosi, 7 Septemba
Kazi: antivol ya dirisha, nondo za kuzuia wezi. Kilichoumiza: hakuna, ila kifua kimejaa. Mama Hortense amenifunga na kikwembe kwa nguvu ili maziwa yaishe. Hayajui kwamba yanapaswa kuisha.

Asubuhi Liévin alikuja na macho yote mawili mekundu, machozi yanatiririka kama mtu aliyekata vitunguu vya gunia zima. Jana alichomelea bila maski, na miwani ya jua ya sokoni. Mtu akiangalia mwanga wa kuchomelea hasikii kitu pale pale. Jioni ndipo macho yote mawili yanaanza, kama yamejaa mchanga, na kesho kutwa yake yanapoa yenyewe. Dawa inayojulikana na mafundi wote wa Bunia ni maziwa ya mama anayenyonyesha, matone machache yakiwa bado ya moto. Siku zote walienda kwa Mama Gracieuse anayekaanga mikate hapo mlangoni, lakini mtoto wake ameachishwa.

Liévin alisimama mbele yangu akiangalia viatu vyake. Ni baba wa watoto wanne, mkewe Séphora namfahamu. Akasema, "Rebecca, unisamehe. Sina fasi ingine ya kuuliza."

Nilienda nyuma ya milango mipya iliyoegemezwa ukutani, nikafungua kikwembe, nikakamua kwenye kifuniko cha chupa. Yalitoka kama yaliyokuwa yanasubiri mlangoni. Nikamlaza Liévin kwenye benchi, nikamdondoshea. Nilipomaliza nikagundua kwamba nilikuwa naongea. Nilikuwa namweleza kwa nini bawaba za mlango wa jana zilikaa vibaya, na nimeeleza kwa muda mrefu.

Nyumbani nimekula fufu na sombe. Mama Hortense aliniangalia mpaka sahani ikaisha.

Alhamisi, 12 Septemba
Blanchard, mchomeleaji mwenzangu, naye. Macho mawili. Nimempa. Kazi: bawaba. Kilichoumiza: hakuna.

Jumatatu, 16 Septemba
Mvua tangu saa nane. Kwa kuwa hatukufanya kazi, nimehesabu vitu vya kujikinga. Maski tatu. Ya kwanza ni yangu, nilipewa na kituo, kioo chake ni kizima. Ya pili ni ya Blanchard, kioo kimepasuka na kimebandikwa kwa utepe wa scotch, mwanga unapenya kwenye ufa. Ya tatu haina kioo kabisa, tunaitumia kufunika misumari. Glavu jozi mbili, moja ina tundu kwenye kidole gumba. Miwani ya kijani ya kukatia kwa gesi, moja, upande mmoja umevunjika.

Wote wanajua. Si watu wajinga. Blanchard ananiambia kuhusu ule ufa kama mtu anavyosimulia mkwe mkorofi.

Ijumaa, 20 Septemba
Patron amepata kazi kubwa: vitanda arobaini vya shirika moja linalosaidia waliokimbia vijiji. Vya kufunguka na kufungwa kwa bolti, ili vipakiwe kwenye gari. Kila kitanda kina vibati vinane, kila kibati kina tundu. Kwa hiyo amenunua mashine ya plasma, imetoka Kampala. Inakata chuma kwa umeme na hewa ya compressor. Inakata kama kisu kwenye avoka iliyoiva, lazima nikubali. Kelele zake zimewakimbiza mbuzi wa jirani.

Liévin aliuliza kuhusu maski. Patron ni mtu wa Butembo, anajua biashara na anaomba kila asubuhi kabla ya kazi, ila mashine hii ameijua jana. Alisema, "Hii haina gaz. Moto yake ni kidogo, haiko kama ya kuchomelea. Miwani inatosha."

Ndani ya sanduku kulikuwa na karatasi ya maelezo kwa lugha ambayo hakuna anayeisoma. Nikaangalia picha. Picha ya kwanza: uso mzima umefunikwa. Picha ya tatu: mtu anatoboa bati katikati. Mkono wa mashine kwanza umelazwa pembeni, cheche zinaruka mbali, ndipo unasimamishwa. Pembeni wamechora jinsi isivyotakiwa, mkono umesimama wima na chuma kilichoyeyuka kinamrudia mtu usoni. Juu yake wameweka msalaba mwekundu. Nikamwonyesha Liévin. Akasema sawa, akalaza mkono, na tundu likatoka safi.

Jumanne, 24 Septemba
Patron alinituma soko kuu kununua vioo vyeusi vya maski, kwa kuwa mimi ndiye ninayejua namba za weusi wake. Nilipanda moto, pikipiki ya abiria, nikazunguka maduka matatu. Nimevipata viwili, namba kumi na moja, vizima, vimefungwa kwenye gazeti.

Niliporudi nilisema hakuna sokoni, na pesa ya patron niliirudisha kutoka mfukoni mwangu.

Jumatano, 25 Septemba
Vioo viko kwenye kikapu cha nguo za mtoto, chini ya kitanda.

Jana nilitaka kuandika kwamba sijui kwa nini. Najua. Tangu ile Jumamosi Liévin amekuja mara tatu, Blanchard mara mbili. Kila wakija, kifua kinafanya kazi yake. Wiki ikipita bila mtu, kinaanza kulegea. Kaburi liko kule nyuma ya kanisa, na mvua hii hata alama ya mbao imeinama. Nguo zitaoza. Maziwa ndiyo kitu pekee mwilini mwangu kinachoendelea kusema kwamba nilizaa.

Maziwa yanatoka kwa sababu watu wanaungua macho. Watu wanaungua macho kwa sababu vioo ni vibovu. Vioo vizuri ninavyo mimi. Ndivyo ilivyo. Nimesoma mistari hii mara mbili na sikuona aibu. Naandika kwamba sikuona aibu, maana mwalimu alitaka ukweli.

Kazi: miguu ya vitanda, kumi na miwili. Kilichoumiza: hakuna.

Jumanne, 1 Oktoba
Vitanda vitatu. Mvua.

Ijumaa, 4 Oktoba
Blanchard alikuja akaomba maziwa. Macho yake hayakuwa mekundu sana, nikampa. Nimemsimulia habari za ng'ombe wa babu yangu kule Nizi, habari ambayo hata Jean-Claude hajawahi kuisikia. Blanchard alisikiliza akiwa amelala chali, kifuniko kimeshaisha zamani.

Jioni nimekula mara mbili.

Jumanne, 8 Oktoba
Maji yameingia karakana mpaka kwenye kifundo cha mguu. Kanuni ni kusimama juu ya ubao mkavu, glavu kavu, viatu vya mpira. Mimi nilisimama ndani ya maji kwa glavu ile yenye tundu. Umeme ulinilamba kidole gumba, ukapanda hadi kiwiko. Sikutoa mkono haraka. Nilisubiri kidogo nione kama nitaogopa.

Liévin alizima mashine kwenye ukuta. Alileta ubao, akauweka, akasubiri nipande, kisha akawasha tena.

Kilichoumiza: umeme, kidogo. Sikuogopa.

Ijumaa, 11 Oktoba
Jean-Claude amepiga simu kutoka Mongbwalu. Barabara ni mbovu, magari matatu yamekwama. Aliuliza kama ninalala. Nikasema ninalala. Akauliza kama ninakula, nikasema ninakula. Kisha nikasikia mvua ya upande wake, na yeye nadhani alisikia ya upande wangu.

Jumatatu, 14 Oktoba
Shirika linataka vitanda vyote kabla ya tarehe 31. Vimebaki ishirini na viwili. Liévin ameacha kulaza mkono wa mashine anapotoboa. Anapiga wima, tundu moja, la pili, la tatu, kwa haraka, na ile miwani ya jua usoni. Nimeona, nikainama kwenye kazi yangu.

Alhamisi, 17 Oktoba
Mvua kubwa juu ya bati, hatusikilizani. Liévin amekuja saa tatu. Maziwa. Jicho la kushoto.

Ijumaa, 18 Oktoba
Liévin tena. La kushoto. Nimemweleza jinsi ya kupika mboga ya lenga-lenga bila kuitia soda.

Jumamosi, 19 Oktoba
Liévin. La kushoto. Limevimba. Kazi: vitanda viwili. Kilichoumiza: hakuna.

Jumatatu, 21 Oktoba
Alikuja amefunga kitambaa. Alipokifungua kope zilikuwa zimegandana. Nikaosha kwa maji ya moto, nikadondosha. Alinishukuru. Alisema kesho litakuwa sawa. Patron alimwambia akapumzike, akakataa kwa sababu ya vitanda.

Jumanne, 22 Oktoba
Liévin hakuja.

Jumatano, 23 Oktoba
Asubuhi Séphora alimpigia patron. Liévin yuko hospitali ya macho tangu jana mchana, hakulala kwa maumivu. Patron alinipa pesa ya moto, akasema, "Nenda weye. Miye nikienda, kazi itasimama." Kisha akaona aibu, akafunga karakana, tukaenda wote wawili kwenye moto moja, mvua inatupiga usoni.

Alikuwa kwenye kitanda cha mwisho karibu na dirisha, jicho limefunikwa kwa pamba. Kitanda ni cha chuma, kimechomelewa ovyo, mistari kama matapishi. Hilo ndilo jambo la kwanza nililoona, na nalisema kama lilivyo. Séphora alikuwa ameketi sakafuni na mtoto wao mdogo. Aliponiona alisimama, akanishika mikono, akanishukuru kwa maziwa niliyompa mume wake siku zote hizo. Alikuwa ameweka kando avoka nne kwa ajili yangu. Nilizipokea. Sikujua mtu hukataaje avoka.

Muuguzi anaitwa Annie, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kusimamia darasa. Alitutoa nje kwenye baraza akatueleza. Ndani ya jicho kulikuwa na kipande cha chuma, kidogo kama punje ya ulezi. Kiliingia kikiwa cha moto, kikakwama, kikaota kutu. Daktari alikitoa jana. Lakini jicho limeshaoza kutoka juu kwenda ndani, na kutu haikulifanya hilo peke yake. Aliuliza liliwekwa nini. Patron akasema maziwa ya mama, kama kawaida. Annie alifumba macho kidogo, kama mtu aliyechoka kurudia neno moja.

"Maziwa ni chakula," alisema. "Ni chakula ya mutoto, na ni chakula ya microbe pia. Jicho yenye kidonda, ukitia maziwa, uko unailisha ugonjwa."

Kisha aliuliza nani aliyetoa. Nikasema mimi. Aliuliza mtoto wangu ana umri gani. Patron aliangalia ukuta. Annie alielewa, akashusha sauti, lakini hakuacha kazi yake, na kwa hilo namheshimu. Aliuliza, "Mama, siku ya kwanza ulimuona na jicho moja nyekundu, ao yote mbili?"

Nikasema sikumbuki.

Nakumbuka. Mwanga wa kuchomelea huchoma macho yote mawili. Nimeandika hivyo mwenyewe kwenye daftari hili, tarehe 7 Septemba, nimerudi kusoma. Jicho moja maana yake ni kitu kimeingia. Mwalimu alituambia, na hata bila mwalimu kila fundi anajua. Tarehe 17 niliona jicho moja, nikajua, nikaenda nyuma ya milango, nikafungua kikwembe. Mara nne. Na wakati wa kukamua sikufikiria jicho lake hata kidogo. Nilifikiria kwamba leo yametoka mengi.

Kilichoumiza: sijui. Nasubiri kitu kiniume. Avoka ziko mezani, Mama Hortense amekata moja.

Ijumaa, 25 Oktoba
Blanchard anakata sasa. Nimemwambia, laza mkono, usipige wima. Nimemwambia mara tatu mpaka akacheka. Nimempa maski yangu.

Jumatatu, 28 Oktoba
Vitanda vinne.

Alhamisi, 31 Oktoba
Vitanda arobaini vimeondoka kwenye lori. Watu wa shirika walipiga picha. Kwenye kitanda cha mwisho kuna vibati vitatu alivyokata Liévin tarehe 16, siku ambayo chuma kilimrudia. Matundu ni mazuri.

Jumatatu, 4 Novemba
Sikamui tena. Kifua kimekuwa jiwe upande wa kulia. Mama Hortense ameuliza kwa nini mafundi hawaji kuomba maziwa. Nikamwambia Annie amekataza na mimi nimekataza. Akasema kwa sauti ndogo, "Nani sasa atakufanya ukule?" Sikuelewa, na sikuuliza.

Jumamosi, 9 Novemba
Jicho la kushoto la Liévin haliwezi kuona tena. Séphora amemwambia patron, patron ametuambia tukiwa tumesimama, kofia mkononi. Annie amesema la kulia litabaki zima akilitunza. Patron aliomba. Aliomba kwa muda mrefu, na katikati alilia, mtu mzima na tumbo lake. Alisema mbele yetu kwamba ni yeye aliyesema miwani inatosha.

Nilikuwa na nafasi ya kusema habari yangu. Nilifungua mdomo, Blanchard akanipa kikombe cha chai.

Jumatano, 13 Novemba
Kazi: geti. Kilichoumiza: kifua. Kimepungua kuliko jana.

Jumatano, 20 Novemba
Mvua imekuwa ya mapumziko, leo ndiyo, kesho hapana. Nimeamka asubuhi nikiwa nimekauka. Nilijikamua ili nione. Tone moja, la njano, halafu hakuna. Nililipaka kwenye kiganja, likakauka lenyewe. Nikavaa, nikaenda kazini.

Jumatatu, 25 Novemba
Patron amenunua maski mbili mpya na miwani mitatu ya plastiki ya kufunika pembeni. Amebandika ile karatasi ya picha ukutani, na msalaba wake mwekundu. Anataka kila asubuhi, baada ya maombi, mmoja wetu aeleze picha moja. Leo zamu ilikuwa yangu. Nimeeleza picha ya tatu. Sauti yangu ilikuwa ya kawaida kabisa, na hilo ndilo lililonitisha.

Ijumaa, 29 Novemba
Liévin amerudi. Patron amempa kazi ya kupima na kupanga, hatakata. Amevaa miwani mipya ya plastiki hata akiwa anakunywa chai. Anageuza kichwa chote anapotafuta kitu cha kushoto, na leo aligonga bega kwenye geti mara mbili.

Mchana Blanchard na patron walikwenda kuangalia nyumba ya mteja. Nikabaki na Liévin. Nilikuwa nimekuja na vioo viwili kwenye mfuko, bado vimefungwa kwenye gazeti la mwezi wa tisa. Nikaviweka juu ya meza mbele yake. Nikamwambia yote kwa mpangilio, kama ninavyoandika hapa: kwamba nilivinunua tarehe 24, kwamba nilisema hakuna, kwamba vilikaa na nguo za mtoto. Kwamba tarehe 17 niliona ni jicho moja na nilijua ni nini. Kwamba nilitaka maziwa yaendelee.

Alifungua gazeti. Alishika kioo kimoja, akakiinua kwenye mwanga wa mlango, akaangalia jua kupitia kwake kwa jicho lake la kulia. Aliangalia kwa muda mrefu mpaka nikadhani amenisahau.

"Na miye pia nilijua," alisema. "Chuma iliniingia, nilisikia yenyewe. Nilisema nitaenda hospitali kesho."

Nikamuuliza kwa nini basi alikuja kwangu.

Akaeleza. Maelezo yake yalikuwa marefu, nayafupisha. Baada ya ile Jumamosi ya kwanza, Mama Hortense alikuja karakana asubuhi na mapema, kabla yangu. Aliwaambia kwamba tangu mazishi nilikuwa sili, nageuka ukutani tu. Lakini siku ile Liévin alipoomba maziwa, nilirudi nikamaliza sahani. Akawapigia magoti wanaume wawili, mzee yule na magoti yake mabovu, akawaomba waendelee kuja. Wakaja. Mara nyingi macho yao hayakuwa na kitu. Walilala kwenye benchi, nikawadondoshea, nikaongea, nao wakasikiliza habari za ng'ombe na lenga-lenga. Walikuwa wakipeana zamu.

"Ile siku ilikuwa zamu yangu," alisema Liévin. "Nikaona, sababu jicho inauma kweli, ni vizuri, sitadanganya. Ulianza kuongea. Nikasema, hospitali itangoja."

Nje Mama Gracieuse alikuwa anageuza mikate, mafuta yanalia.

"Hii kioo," alisema Liévin, akikiweka chini, "sitakusamehe leo. Uniache kwanza."

Nikasema sawa. Nilifikiri ataondoka. Badala yake alivuta mita yake, akaikunjua juu ya chuma cha fremu ya dirisha, akatafuta alama kwa kugeuza kichwa. Mwisho wa mita ulikuwa unateleza upande wa kushoto, upande asioona. Alijaribu mara mbili. Halafu akasema bila kuniangalia, kwa sauti yake ya zamani ya kutwa nzima:

"Mama Divine, shika huku."

Nikashika. Mita iligonga chuma, tik tik tik, na hakusema niishike vizuri. Alisubiri. Machozi yalinishuka mpaka kwenye chuma, mengi, macho yote mawili, na hakuna aliyenidondoshea kitu. Yalipopungua alisoma kipimo, akaandika kwa chaki, tukahamia upande wa pili.

Jumatatu, 2 Desemba
Jua. Hakuna mvua tangu Ijumaa. Nimetia kioo kimoja kwenye maski ya tatu, ile ya misumari, na kingine kwenye ya Blanchard. Mama Hortense nimempikia mimi jana, tukala pamoja, sikumuuliza kitu na yeye hakueleza.

Kazi: fremu ya dirisha, pamoja na Liévin. Kilichoumiza: Divine. Alikuwa na miezi mitatu na siku kumi na moja.